Mgeni Aliyeacha Mtoto na Mgeni Aliyeacha Sanamu

Kwetu Lubumbashi, mtu akitaja Tintin, hakuna anayeuliza ni nani huyo. Wakubwa wanamjua kutoka masomo, watoto wanamjua kutoka televizyo, na hata asiyesoma Kifaransa amekwisha kuona pahali fulani zile nywele zilizosimama mbele na ile imbwa nyeupe. Lakini tunamjua vile tunavyomjua jirani wa avenyi ingine: jina lake tunalo, habari zake hatujazichunguza.

Labda msomaji atashangaa kuona bédé ya Wabelgiji katika kijitabu cha mila na desturi. Sababu yetu ni nyepesi. Bédé ni hadisi, na hadisi sisi tunazo tangu zamani. Wazee wetu walikuwa na sheria zao: hadisi inaanza namna gani, mgeni anapokelewa namna gani, na mwisho nani anabaki na nini. Wengine wamekwisha kuipima *Tintin au Congo* kwa sheria za tribinali. Sisi tutaipima kwa sheria za wenye kusimulia hadisi.

1. Siku hadisi ilipoanza

Ilianza siku ya alhamisi, tarehe 5 Juni 1930, katika *Le Petit Vingtième*, karatasi ya watoto ya gazeti moja la Kikatoliki la Bruxelles. Mchoraji, Georges Remi aliyejiita Hergé, alikuwa na miaka 23. Alikuwa amemaliza kumtembeza kijana wake kule Urusi ya Wasovieti, na sasa watoto walingoja safari ya pili. Yeye mwenyewe alitaka kumpeleka Marekani. Mkubwa wa gazeti, padri Norbert Wallez, alitaka Kongo, juu ya kuwafundisha watoto wa Ubelgiji kuipenda koloni yao. Basi Kongo ikawa.

Hergé hakukanyaga inchi yetu. Alichoijua ni habari za wenye kutoka huku na vitu alivyoviona katika muzé ya Tervuren. Kila wiki alitoa kurasa chache, akakata pale hatari inapokaribia, hadi tarehe 11 Juni 1931. Jambo hilo halikuwa geni kwa wazee wetu. Msimulizi mwenye akili anajua kunyamaza pale simba anaporuka, ili kesho watu warudie. Kwa ufundi huo tunamsifu Hergé bila choyo: mkono wake ulikuwa mwepesi, na mtoto aliyeanza kusoma hakuweza kuacha.

Habari yenyewe inajulikana. Tintin na Milou wanaagwa kwenye stasyo, wanapanda meli, na ndani ya meli mwovu mmoja, Tom, amejificha. Wanafika bandarini na umati unawapokea kwa shangwe. Tintin anapata motokari na boy, ndiye Coco. Anawinda, anaingia katika ufalme wa Babaorum, anapambana na mchawi na watu-chui, na mwisho anagundua kama nyuma ya yote kuna watu wa Al Capone wanaotaka kushika almasi ya Kongo.

2. Mgeni anafika

Tuanzie bandarini. Tintin bado hajafanya kitu hata kimoja, lakini watu wanapiga kelele na kumbeba juu. Tulipokuwa watoto, mmoja wetu aliyejua Kifaransa alikuwa akisoma, wengine tunamzunguka, naye anatupa maneno katika Kiswahili cha kwetu. Pale bandarini kulikuwa kila mara mwenye kuuliza: "Juu ya nini beko nashangilia? Hayafanya hata kintu!" Lilikuwa ulizo la mtoto, na lilikuwa ulizo la kweli.

Maana sisi Katanga tuna hadisi kubwa inayoanza pia kwa kufika kwa mgeni. Waluba wanaisimulia mpaka leo: ni hadisi ya Nkongolo Mwamba na Mbidi Kiluwe. Wasimulizi wanatofautiana hapa na pale, lakini mifupa yake ni moja. Nkongolo alikuwa mfalme mkali, mlevi, asiye na adabu. Kutoka mashariki akaja mwindaji, Mbidi Kiluwe, na upinde wake. Hakuna aliyempigia ngoma. Dada za Nkongolo, Bulanda na Mabela, walikwenda majini wakaona kivuli cha mtu katika maji, ndipo wakamjua kama yuko.

Mbidi akapelekwa kwa mfalme. Nkongolo alikula mbele ya watu na kucheka meno yote inje. Mgeni yeye alijificha ili ale, na alipocheka alifunika kinywa. Nkongolo akamuuliza sababu, kwa namna ya kumdharau. Mgeni akaona haya, akaondoka, akarudi kwao.

Hergé na wazee wetu walianza na kitu kimoja: mwindaji wa kigeni anaingia katika inchi ya wengine. Tofauti ni hii. Mbidi anapimwa. Watu wanamtazama, wanamchunguza anakula namna gani, anacheka namna gani, na cheo chake kinatoka katika adabu yake. Tintin hapimwi. Yeye ndiye kipimo. Anapiga risasi swala mmoja, anafikiri amemkosa, anapiga tena na tena, kumbe ameua kundi zima. Katika chapa za zamani anamtoboa kifaru mgongo na kumtia baruti. Kwetu mwindaji wa namna hiyo hapewi binti, na mfalme akimpokea, wazee watanungunika. Katika kitabu, hakuna mzee wa kunungunika. Mchoraji hakumweka hata mmoja.

3. Munganga

Mchawi wa Babaorum anaitwa Muganga. Mtoto wa Bruxelles alisoma jina hilo kama sauti ya kuchekesha. Sisi tukilisoma tunasikia kazi. Munganga ni mwenye kuponyesha. Hapa Lubumbashi hata docteur wa hospitali, mwenye koti nyeupe, tunamwita munganga. Na katika kitabu hikihiki, anayemponyesha mgonjwa ni Tintin, kwa kidonge cha kinini, na Muganga anabaki na wivu, uongo na njama pamoja na Tom.

Hatusemi waganga wote ni watakatifu. Hadisi zetu wenyewe zimejaa wachawi na waganga wa uongo. Lakini turudie kwa Nkongolo. Mbidi alipoondoka alimwacha Bulanda na mimba, naye akazaa Kalala Ilunga. Mtoto akakua, akawa shujaa wa vita na mchezaji mkubwa, na mjomba wake akaanza kumwogopa. Nkongolo akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, kisha akamwita kijana aje kucheza ngoma juu yake. Nani walimwokoa? Mijibu wa Kalenga, mwenye kupiga bao, aliyemfungua macho mbele, na mpiga ngoma, aliyesema hatari kwa mdundo ambao Nkongolo hakuusikia vizuri. Kijana akatupa mkuki juu ya mkeka, shimo likaonekana, akaruka na kukimbilia ngambo ya Lualaba.

Basi katika hadisi ya kwetu, mwenye kujua mambo ya siri ndiye anayeokoa mfalme wa kesho, na ngoma ni maneno. Katika hadisi ya Hergé, mwenye kujua mambo ya siri ni mwongo, na Tintin anamshinda kwa mashini: anamkamata sauti na sura, kisha anawaonyesha wanakijiji sinema ya Muganga akiwacheka wao na sanamu yao. Tukiangalia kwa haki, ukurasa huo umetungwa kwa akili sana. Lakini unafundisha kama watu hawa hawawezi kujua ukweli wao wenyewe mpaka mgeni awaletee ndani ya sanduku.

4. Inchi isiyo na watu wa kazi

Kuna ukurasa mwingine unaotuuma sisi wa huku zaidi ya wengine: ule wa treni. Motokari ya Tintin imekwama juu ya reli, treni inaigonga, na treni ndiyo inayoanguka. Abiria wanalalamika, hawataki kuchafuka, wanajiita wachovu, mpaka Tintin na imbwa yake wawaambie wafanye kazi.

Mwaka 1930! Treni ilikuwa imefika Elisabethville kutoka kusini tangu 1910. Njia ya BCK kutoka Bukama mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo, ilikuwa imefunguliwa 1928. Nani walibeba zile reli? Nani walichimba shaba ya Union Minière, wakapiga moto katika tanuru za Lubumbashi, wakaacha familia zao Kasai, Lomami, Rwanda na Rhodesia kuja kufanya kazi hapa? Katika Kongo ya Tintin hakuna shimo la shaba, hakuna kamyo, hakuna kan ya wafanyakazi, hakuna mshahara. Utajiri wa inchi unatajwa mara moja tu, ni almasi, na unatajwa juu ya majambazi wa Marekani wanaotaka kuiiba. Wale walioichukua kila siku na karatasi za serikali hawamo.

Mwaka 1946 Hergé alikichora kitabu upya, kwa rangi. Alitoa mambo kadhaa. Mbele, Tintin akisimama shuleni aliwafundisha watoto weusi habari za "inchi yao" Ubelgiji. Sasa akawafundisha hesabu. Ni kweli, ni marekebisho. Lakini wafanyakazi hawakuingia. Ilikuwa miaka 5 tu tangu tarehe 9 Desemba 1941, siku askari walipowapiga risasi wafanyakazi wa Union Minière waliogoma, kwenye uwanja wa mpira hapa Elisabethville. Na kwa miaka hiyohiyo, katika mji huuhuu, Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga walikuwa wakichora katika atelye ya Romain-Desfossés ndege, samaki, nyoka na wawindaji wao. Mikono ya kuchora Kongo ilikuwako. Bruxelles haikuitafuta.

5. Na Coco?

Tunafika mwisho. Tintin na Milou wanakimbizwa na nyati, ndege inashuka, inawabeba. Hadisi mpya inawangoja: ile ya Marekani, ambayo Hergé aliitaka tangu mwanzo, na iliyoanza Septemba 1931. Kijijini watu wanabaki na huzuni. Wamechonga sanamu mbili, ya Tintin na ya Milou, mzee anainama mbele yake, na mtoto anaambiwa kama asipokuwa na adabu hatakuwa kamwe kama Tintin.

Hapo ndipo sisi watoto tulikuwa tunauliza lile ulizo la pili: "Na Coco, alibakia wapi?" Coco alikwenda naye safari. Coco ndiye aliyekuja kumfungua Tintin alipofungwa Babaorum. Bila Coco, hadisi ingeisha katika ile nyumba ya kufungia watu. Lakini ndege haikumchukua Coco, na hakuna aliyetuambia wazazi wake ni nani, wala alirudi kwao kwa njia gani.

Kwetu sisi, hili ndilo kosa kubwa la kitabu, kubwa kupita midomo iliyochorwa minene na Kifaransa kilichovunjwa. Mchoro mbaya unaweza kurekebishwa, na Hergé mwenyewe alikubali baadaye kama alikuwa amelishwa mawazo ya wazungu wa wakati wake. Lakini hadisi isiyojali wanaobaki imevunja sheria ya kwanza ya hadisi.

Mbidi Kiluwe naye aliondoka. Lakini aliacha mimba, na kutoka pale hadisi inabadilika: mgeni anatoka katikati, mtoto anaingia. Kalala Ilunga ni mtoto wa mgeni na wa mwenyeji pamoja. Alikimbilia kwa baba, akarudi na jeshi, Nkongolo akakatwa kichwa, na ufalme wa Waluba ukapata bulopwe, ile damu ya kutawala. Tunajua vizuri kama hadisi hiyo ilipendwa na wafalme, juu iliwapa haki ya kiti, na kama Nkongolo labda alikuwa na wasimulizi wake ambao hatuwasikii tena. Hata hivyo, tazama namna inavyofikiri. Mgeni aliyeacha mtoto amekuwa babu wa watu. Mgeni aliyeacha sanamu amebaki mgeni, na walioichonga wamebaki watoto.

6. Walioendeleza hadisi

Kuna waliotaka kitabu kiondolewe. Mwaka 2007, kule Uingereza, tume ya usawa wa rangi iliomba maduka yasikiuze. Mwaka uleule Mkongo wa Bruxelles, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishitaki. Tribinali ikamkatalia Februari 2012, na rufani ikakatwa mwaka uleule. Tunaheshimu uchungu wake. Lakini kufunga kitabu hakumrudishi Coco. Hadisi mbaya inajibiwa kwa hadisi.

Na kuna waliojibu. Miaka ya 1980 Mongo Sisé alimchora Bingo, kijana wa kwetu, na akampeleka mpaka Ubelgiji: mara hii sisi ndio tunaofika na kushangaa. Barly Baruti, mtoto wa Kisangani, alionyesha kama mkono wa Mkongo unaweza kuchora bédé ya safari na vita kama yeyote.

Hapa kwetu, Tshibumba Kanda Matulu hakuchora bédé, alichora tablo. Lakini kati ya 1973 na 1974 alimpa mwalimu Johannes Fabian tablo zaidi ya 100, moja nyuma ya ingine, akaeleza kila moja kwa Kiswahili cha huku: wababu, Livingstone, Msiri, Bula Matari, wafanyakazi wa 1941, Lumumba. Ukizipanga ukutani na kuzisoma kutoka kushoto, ni hadisi ya kuendelea, na ndani yake wageni wanakuja na kwenda, lakini anayesimulia habanduki. Tshibumba alipotea karibu ya mwaka 1981, na kitabu cha Fabian kilitoka 1996 bila yeye kukiona.

Tena kuna Pie Tshibanda, mtoto wa Kolwezi, aliyeandika maneno ya bédé zilizochorwa na Nsenga Kibwanga: *Alerte à Kamoto*, ambayo jina lake tu linatupeleka chini ya ardhi, mahali Tintin hakushuka, na *Les refoulés du Katanga*. Hii ya pili haitaki kusomwa kwa kicheko. Inasema habari za 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika miji yetu. Wengi wao walizaliwa hapa, na baba zao waliletwa hapa kwa kazi ya shaba na reli. Tuliwaona kwenye stasyo na mizigo yao, wakingoja treni kwa wiki na wiki. Na tulisikia, na tusiseme hatukusikia, yale maneno barabarani: "Barudie kwabo!"

Hapo ndipo hadisi ya Mbidi Kiluwe inapotugeukia sisi wenyewe. Tunamlaumu Hergé juu alimsahau Coco. Vema. Lakini sisi tulikuwa na hadisi iliyotufundisha kama mtoto wa mgeni anaweza kuwa Kalala Ilunga, na siku ile hatukuikumbuka. Tulifanya kama Nkongolo: tuliona mtoto wa mgeni anakua, tukaogopa, tukachimba shimo na kutandika mkeka juu yake. Wapiga ngoma wa kutoa hatari walikuwa wachache, na Tshibanda, aliyekuwa mmoja wao, aliishia Ubelgiji mwaka 1995.

7. Tunachoomba

Hatuombi *Tintin au Congo* itoke mikononi mwa watoto. Tunaomba isisomwe peke yake. Mwalimu akiifungua darasani, aweke kando yake hadisi ya Mbidi Kiluwe, na awaulize watoto maulizo matatu: mgeni alipokelewa namna gani, nani alimwokoa, na alipoondoka aliacha nini? Watoto watajibu wenyewe. Sisi tulikuwa tukijibu bila mwalimu.

Na wachoraji wetu, wale wa Académie na wale wanaochora majina juu ya maduka, tunawaomba wachukue kalamu pale Hergé alipoiacha. Ndege imekwisha kuondoka. Nyati wametawanyika. Coco amesimama barabarani, mbali na kwao, na hana hata senti ya tiketi. Aende Kamina kutafuta treni? Afike Elisabethville aombe kazi? Atamkuta nani pale kan? Hadisi hiyo haijaandikwa bado, na hakuna mtu wa Bruxelles anayeweza kuiandika vizuri kupita mtoto wa Kenya au wa Katuba. Kama itatoka, hata kwa karatasi mbovu, hata kwa kurasa 4 kila mwezi, sisi tutakuwa wa kwanza kuinunua, na tutaisoma kwa sauti mpaka mangaribi.